Pilipili Yenye Iliotea ku Tumbo Yangu

Hapana, haikukuwa mutoto. Ilikuwa pilipili. Haujaniuliza bado, Solange mujukuu wangu, najua, lakini niko na macho. Niliona jana kule ku kilio vile ule mama muzee wa korale ya kanisa alikuinamia ku sikio, mukono ku kinywa, na weye ukageuka kuniangalia sawa muntu mwenye anaona panya mu kikapo ya mikate. Miaka yote hii, bantu beko bado na ile habari. Alikuambia hivi, na ile sauti yake anavutaka sawa iko karibu kuanza wimbo: «Ule kambo yaaako, mbele aolewe na kambo yako mwanaume, alikuwaka bibi ya huyu marehemu. Alimufungia tumbo ya uongo, mwanangu. Miezi mizima.» Unacheka. Basi ni vile alisema. Bon, acha ile kiti, kaa hapa ku mukeka, leta ile mboga ya lengalenga tuchambue pamoja, juu mikono yangu haipendake kukaa bule, na usikie habari kwa mwenye alikuwa pale.

Ndiyo, Kiomba alikuwaka bwana yangu wa kwanza. Ulifikiri nini, nilizaliwa na hii mvi ku kichwa? Nilikuwa musichana mwembamba, kinywa mingi, na habari ya tumbo yangu isikusumbue, nilimuzalia kambo yako bana sita, mama yako iko wa tatu. Jana kule Makomeno, ku kilio, nilimwangalia Kiomba mu sanduku, nikamwambia pole, kisha nikaweka kikapo yangu ya pilipili chini, karibu na bale bamama benye kupika, nikaenda kukaa na bazee benzangu. Nilisikiliza vile banalia. Unajua vile napendaka sauti ya bantu. Bale bibi zake bawili benye balifuata kisha yangu, moja analia juu juu, mwingine analia chini chini sawa maji mu chungu. Kikundi ya bana ya ndugu zake: «Tonton, tonton, unatuachia nani?» Mwingine, mudogo yake: «Yaya.» Mwingine wa kanisa: «Papa Président.» Kilio kubwa, bantu mingi, muzee mwenye heshima. Nilisikiliza mpaka sauti ya mwisho, kisha nikarudi nyumbani na njaa.

Ile mwaka ninasema, wakati ya bazungu, hii muji yetu tulikuwa bado tunaita Elisabeth, na siye tulikaa mu kampo ya bantu ba reli. Nyumba ya matofali nyekundu, vyumba bili, simenti chini, bati juu. Dirisha ilikuwa moya, ya vioo ine. Kioo moya ilivunjika mbele tuingie, na Kiomba aliziba ile tundu na karton, kisha akaandika namba juu yake, juu ile njo ilikuwa kazi yake: kuandika namba na rangi nyeupe ku bawagon. Alikuwa na mukono muzuri, uyu mwanaume. Namba tatu yake ilikuwa na tumbo mbili za kuviringa, sawa imetoka kula. Alinuka terebentine ya kulegeza rangi mpaka mu mashuka. Na alikuwa anasema sawa anaandika, neno moya, anaangalia kama imesimama muzuri, kisha neno ingine. «Chérie. Logiquement. Hii bukari. Haijaiva.» Ile «logiquement», ni kusema kufuata akili, haikukosaka. Miye niko kule nje ku jiko, namujibu na sauti yake mwenyewe: «Chéri. Logiquement. Makala. Imeisha.» Alikuwa anacheka, ile wakati. Anacheka mpaka anaweka mukono ku ukuta. Nataka usikie ile pia, juu habari yenye inafuata inaweza kukufanya umuone sawa muntu mubaya, na hakukuwa mubaya.

Jiko yetu ilikuwa mugongo kwa mugongo na ya Mama Ngalula, mama wa Kasai, bana saba, mwenye alikuwa anakaanga mikate kila asubui. Huyu alikuwa anajiuliza na kujijibu mwenyewe, haraka haraka, weye ni wa kusimama tu. «Mafuta imepata moto? Imepata. Niweke mikate? Niweke.» Kampo nzima kila mwanamuke aliitwa na jina ya mutoto yake wa kwanza. Mama Ngalula, Mama huyu, Mama yule. Miye niliitwa bibi ya Kiomba. Mwaka ya kwanza ni jina ya bibi harusi, haina shida. Mwaka ya pili, ukifika ku robine ya maji na bantu banasema «Tumuachie bibi ya Kiomba apite», unasikia yenye banaweka chini ya ile jina.

Mama-mukwe yangu alikuya na lori kutoka Lukafu wakati baridi inaanza. Muzee mufupi, mugumu, maneno kidogo. Sauti yake haikukuwa inapanda wala kushuka, sikiliza: «Mama, mumefika?» «Unaniona.» «Njia ilikuwa muzuri?» «Ni njia.» Ile siku nilipika sombe, majani ya muhogo, na samaki ya kukauka, mafuta ya ngazi, bukari ya mahindi ya moto. Tulikula mu chumba ya mbele, mulango imefungwa juu ya upepo, mbabula yetu ya makala katikati, yeye ku kiti moya yenye ilikuwa na mugongo. Alikula kidogo, akasema: «Pilipili.» Nikaleta yangu, ile nyekundu ndefu ya ku soko. Akaweka ku ulimi, akaangalia ku ukuta, akasukuma sahani. «Hii inachoma tu.» Na pale njo nilisikia maneno mingi kwake, mara ya kwanza na karibu ya mwisho. Kwabo kulikuwa na pilipili ingine, ya mama yake, na ya mama ya mama yake. Ya kuviringa sawa kifungo ya koti, manjano, ngozi ya kukunjana. Harufu yake inakuita jina yako kwanza, kisha ndipo inakupiga. Ukiweka moya mu chungu, bantu ba nyumba ya tatu banajua unapika nini. Lakini moto ya pori ilipita mu shamba, ikakula miti yote, na ile kidogo yenye alipanda tena mbuzi ilikula. Ilibaki tunda moya ya kukauka, yenye alikuwa anachunga juu ya jiko mu moshi.

Akafungua kifundo ku kona ya kikwembe yake, akatoa kitambaa kidogo, akaiweka chini ku simenti, mbele ya miguu yangu. Unajua desturi yetu: pilipili hatupeanake mukono kwa mukono, inatenganisha bantu. Unaweka chini, mwenzako anaokota. Njo sababu hata jana, kule ku kilio, niliweka kikapo chini. Nikaokota. Mbegu kumi na mbili, nyembamba, sawa kucha ya mutoto muchanga. Akasema: «Otesha humu mu nyumba. Kule kwetu baridi itaziua. Mvua ya kwanza nitakuya. Nikute miti.»

Kisha kula nilitoka na sahani. Ukuta ya ile nyumba, Solange, ilikuwa ya matofali moya tu, na masikio yangu ilikuwa ya musichana. Nikasikia anamwambia Kiomba: «Ule binti ya jirani yangu iko bado kwabo.» Nasikia Kiomba anachokoa makala. «Mukono yake ni ya kazi.» «Nitangoja mvua. Nikikuta bibi yako iko vile vile, nitakuya naye.» Kiomba akasema: «Mama. Logiquement.» Na ile logiquement ikakaa pale peke yake sawa kiatu moya. Miye nilisimama kule na majivu ku mikono. Kumbe mbegu na tumbo, byote bili, balibipa siku moya: mvua ya kwanza. Tumbo sikujua namna ya kuifanya, nilikuwa nimeisha kufanya yote yenye bamama banasemaka. Lakini mbegu, niliwaza, mbegu naweza kujua.

Na kusema kweli, hata bila ile woga ningetaka kujua. Niko vile. Kama kuko kintu yenye imefungwa, vidole yangu inawasha. Nilianza na mbegu ya pilipili ya ku soko, ile ya kuchoma tu, juu sikutaka kujifundisha na zile kumi na mbili. Nilichukua mukebe ya saradini, nikatoboa chini na musumari. Nikaenda ku kichuguu kubwa karibu na njia ya reli, nikaleta udongo, nikaichunga na singlet ya Kiomba yenye ilipasuka. Nikapanda, nikaweka ku dirisha juu ya jua. Mchana, muzuri. Asubui unaweka kidole, udongo iko baridi sawa bati yenyewe. Unajua vile baridi ya mwezi ya sita inafanyaka hapa, unatoka nje na kinywa inatoa moshi. Siku kumi, hakuna kintu. Nikafukua moya kuangalia: iko vile niliiweka, imelala.

Basi nikasema zinataka moto. Nikaweka mukebe pembeni ya mbabula. Udongo ikapasuka sawa mukate ya kuungua, na nyumba ikanuka saradini, Kiomba akauliza tunakula nini. Nikaweka ingine mu kitambaa ya maji, ndani ya mukebe ya maziba, nikaifunika, nikaiweka karibu na chungu. Ikafanya ndevu ya kijani. Nikaona kuku ya Mama Ngalula, yenye ilikuwa inalalia mayai mu kikapo pembeni ya jiko. Nikawaza, huyu iko na moto ya kutosha kwa bote. Nikaweka mbegu mu ganda ya yai, nikasukuma chini yake pole pole. Kuku ilinyamaza sawa madame mwenye bamusukuma mu kanisa. Mama Ngalula alisimama pale na kijiko ya mafuta. Kesho yake aliniita: «Niliambia weye? Niliambia. Kuku inakulaka pilipili? Inakulaka. Imekula? Imekula, bibi ya Kiomba, na ganda juu yake.»

Lakini ile siku nilisukuma mukono yangu chini ya ile kuku kutafuta kama kulibaki hata moya. Na mukono ikasimama pale. Moto yake haikukuwa ya mbabula. Ilikuwa ya pole, haiongezeki, haipunguki, na maji maji kidogo ndani. Nikawaza, hii moto naijua, lakini nimeisikia wapi? Kuku ikaniangalia na jicho moya. Nikatoa mukono, nikaweka chini ya shimisi yangu, ku tumbo. Ile moto ilikuwa pale.

Hapo njo nilijifundisha vile inafanyiwa. Unachukua pamba kidogo, unalowesha, unakamua mpaka haitoe tena tone. Unaweka mbegu ndani. Unapitisha jani ya ndizi juu ya makala ilegee, unafunga ile pamba sawa unafunga kisamaki cha kuchoma. Kisha unafunga ku tumbo na kipande ya kitambaa, juu yake kikwembe, juu tena kikwembe ingine. Mchana uko nayo, usiku uko nayo. Usiiname haraka. Usitwange. Usibebe ndoo kubwa, juu ikifinywa itavunja ile mikia yenye mbegu inatoa. Mbegu ya soko ilitoa mikia nyeupe siku ya kenda, ndogo, za kupinda, nilipiga kelele mpaka Mama Ngalula alifikiri ni nyoka. Ndipo nikatoa kile kitambaa ya mama-mukwe, nikafunga zile kumi na mbili.

Kiomba aligusa ile kifundo siku ya kwanza, akauliza ni nini, nikamwambia. Akacheka, mukono ku ukuta. «Chérie. Unalalia. Mayai.» Kwa hiyo yeye alijua. Kamata ile mu kichwa yako, Solange, na umuambie ule mama wa korale: yeye alijua kutoka siku ya kwanza.

Bengine hawakujua. Balichoona ni nini? Bibi ya Kiomba anatembea pole pole, mukono moya chini ya tumbo. Bibi ya Kiomba hatwange tena. Anaomba bamubebee ndoo. Wiki moya tu, nikafika ku robine, bamama bakanyamaza, bakafungua njia, na moja, mwenye hakunisalimiaka hata siku moya, akachukua ndoo yangu, akaijaza, akaiweka ku kichwa yake. «Tunaenda, Mama.» Mama! Bila jina nyuma yake, Mama tu, mwenye jina itakuya. Nilipashwa kusema pale pale. Nilifungua kinywa. Lakini nilitaka kusikia kidogo tena. Nilikuwa nataka kujua ile jina inafanyaka nini mu masikio, vile nilitaka kujua mbegu inafanyaka nini mu giza. Na inafanya, unajua. Nilitembea nyuma ya ile ndoo yangu sawa bibi ya chef.

Ku bamama, Mama Ngalula peke yake alijua, yeye aliona kuku, aliona na jani ya ndizi. Nilipomwambia vile bananiita, alicheka mpaka mikate ikaungua, kisha akaacha kucheka, akapangusa macho. «Utabaambia? Utabaambia. Lini? Leo. Leo utasema?» Akaniangalia. «Hautasema.»

Ningesema. Lakini Kiomba alirudi ku kazi ile wiki na mukate ya ku duka ya Mugiriki chini ya kwapa, yenye tulikula siku ya mungu, ya kanisa, tu. Akakaa, hakutoa kofia. Akaniambia balimupa mukono ku kazi. Bote, moja moja, na chef mweupe mwenyewe alimupa mukono, na rangi juu yake. Miaka mbili, Solange, bale banaume balikuwa banamuita nini ku atelier, hakuniambiaka, lakini nilisikiaka siku moya nilipomupelekea chakula: «Wagon ya bule.» Nikamuuliza, ulibaambia ni pilipili? Aliangalia ile karton ku dirisha, ile namba yake.

«Chérie. Uache tu. Vile banaona.»

«Mpaka lini?»

«Itakuya. Ya kweli. Mbele ya mvua. Logiquement.»

Nikakata mukate, nikamupa, nikakata ya kwangu. Ile njo kosa yangu, na siikatae. Nilikula ile mukate.

Mbegu za mama-mukwe zilikawia. Siku kumi, kimya. Siku kumi na tano, kimya, ninafungua kila asubui ku mwanga ya mulango, ninafunga. Siku ya kumi na saba ilitoa moya. Mpaka mwisho ya wiki zilikuwa kenda. Tatu zilibaki kulala, na hazikuamuka. Nilifanya vikombe na ganda ya ndizi ya kukauka, nikashona na uzi, nikajaza udongo ya kichuguu, nikazipanga mu kasha ya samaki. Mchana ku dirisha, mangaribi zinarudi ku ukuta yenye ilikuwa na jiko nyuma yake, juu matofali inachunga moto. Ile dhaifu kupita zote niliifunika na kioo ya taa yenye ilivunjika shingo. Nilikuwa napiga magoti pale kuangalia vile jani inafungukaka: kwanza iko na ganda ya mbegu ku kichwa sawa kofia, kisha inaivua. Kiomba alikuya na kikopo ya rangi yake, akapiga magoti karibu yangu, akaandika ku kila kikombe namba, moya mpaka kenda, namba ndogo ndogo, nzuri kupita zile za ku wagon. Ile njo siku naikumbukaka kama naota juu yake.

Lakini sasa tumbo ilikuwa tupu, na kampo nzima inaiangalia. Nikafunga nguo. Singlet, kipande ya blanketi, kisha ingine. Mbegu kumi na mbili sikuzisikiaka uzito hata siku moya; zile nguo zilinichokesha. Madame muzungu wa foyer, ile nyumba ya kufundishia bamama, mwenye alikuwa anatufundisha kushona, akapita nyumba kwa nyumba kuangalia kama tunafagia. Kiswahili yake unaijua, ile ya bazungu: «Wewe mama, wewe mwezi ngapi? Wewe kuya dispensaire, docteur angalia tumbo.» Akanyoosha mukono, miye nikarudi nyuma mpaka ku ukuta. «Ah, timide», akafikiri ni haya. Kisha akaona kasha yangu, akafurahi kweli. «O! Wewe panda tomates! Muzuri sana, mama, tomates.» Nikasema ndiyo Madame, nyanya, tomates. Ile siku Mama Ngalula hakucheka tena. Aliniambia mu jiko, pole pole, bila kujiuliza: «Mvua iko inakuya, Numbi.» Aliniita jina yangu. Hakuniita Mama.

Kila mwezi nilingoja, na kila mwezi damu ilikuya siku yake. Kiomba alikuwa haulize. Aliona kitambaa ku kamba, anaingia ndani, anasukuma sahani. Hakukuwa anacheka tena nikifanya sauti yake. Na kitu yenye sikujua ni kwamba alikuwa ametuma barua Lukafu kwa mama yake, kusema niko na tumbo. Alijua kuandika, miye sikujua kusoma. Ile barua ilipita mbele ya macho yangu ku meza, na nilifikiri ni hesabu ya kanisa.

Mvua ya kwanza ilipiga bati mchana moya, kubwa, udongo ikanuka, bana bote ya kampo nje. Pilipili zangu zilikuwa na majani sita, nane, shina sawa kalamu. Siku tatu kisha, lori. Mama-mukwe alishuka peke yake. Hakukuwa na binti. Alikuwa na kuku ya kufungwa miguu, na chini ya kwapa kitambaa ya kukunjwa, ya zamani, rangi imeisha. Alingoja Kiomba atoke ku kazi, hakutaka kula mbele. Alikaa ku kile kiti yenye ilikuwa na mugongo. Kiomba akaingia na rangi ku vidole, akabaki amesimama. Muzee akafungua kile kitambaa ku magoti yake, akasema: «Nilimubebea huyu ndani yake. Utabebea wako.» Na akanitolea kwa mikono yote mbili.

Ningeweza kufanya sauti ya kila muntu wa ile kampo, Solange, na pale sikukuwa na ya muntu. Mikono yangu haikunyooka. Nikafungua kikwembe ya juu. Kiomba akasema: «Chérie.» Nikafungua ya chini. Ikaanguka singlet, ikaanguka kipande ya blanketi, ikaanguka ile kitambaa ya kwanza kabisa yenye ilikuwa na alama ya jani ya ndizi. Zikakaa pale ku simenti. Nikamwambia yote, na kuku, na robine, na mukate ya Mugiriki. Sikumuondoa Kiomba mu habari na sikujiondoa. Kisha nikavuta kasha kutoka ku dirisha, nikaiweka mbele yake.

Alishuka ku kiti, akachuchumaa. Alihesabu na macho. Akakamata jani moya katikati ya vidole, akaisugua, akanusa, akafunga macho kidogo. Ilikuwa njo yenyewe, ile ya mama yake. Akauliza: «Ziliotea wapi?»

«Ku tumbo, mama.»

«Yako?»

«Yangu.»

«Siku ngapi?»

«Kumi na saba.»

Akasimama. Akaweka mukono yake ku tumbo yangu, ku ngozi, mukono mugumu wa jembe, na akaiacha pale muda murefu, vile miye niliacha yangu chini ya kuku. Niliona macho yake inatafuta kitu, kisha imeipata. Nilikuwa nimekamata kikombe ya namba moya. Hakuniambia niiweke chini. Aliichukua kwa mukono yangu na mukono yake, pilipili, mukono kwa mukono, na pale nikajua tumeachana, siye wote, miye na yeye na ile nyumba. Kiomba alijua pia, alishika ukuta, na hakukuwa anacheka. Muzee akamugeukia, na akasema, na ile sauti yake yenye haipande wala haishuke:

«Hii tumbo iko nzima. Mugumba ni weye, Kiomba.»